Chai Niliyoimwaga Tumbatu

Mimi chai naijua. Sisemi kwa kujitapa, au tuseme najitapa kidogo, lakini kazi ya miaka mingi ina haki yake. Nipe kikombe nikiwa nimefumba macho, nitakwambia kama iliki imetwangwa leo au imelala wiki nzima kwenye kopo, kama maziwa ni ya ng'ombe au ya unga, na kama aliyepika alikuwa na haraka. Nilianza katika jiko la hoteli ya watu. Sasa nina mahali pangu, ukumbi wa chini wa nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho wageni hukipata baada ya kupotea mara mbili.

Wamekunywa chai yangu watu wa kila namna: masheha, mabaharia, mawakili, maharusi walionuniana siku ya tatu ya fungate. Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kuinywa, na mtu huyo ni mama mkwe wangu. Kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo nimezaa watoto watatu, nimewazika wazazi wangu wote wawili, nimefungua biashara ikasimama, na yule mama hakutia mdomoni hata tone moja la chai iliyopikwa na mkono huu. Sababu niliijua. Kosa lilikuwa langu, na nilichokuwa nikikitaka, kuliko nilivyowahi kukiri mbele ya mtu, ni anywe kikombe kimoja ili nijue kwamba yamekwisha.

Nianze na ukumbi wenyewe. Una meza tano. Vitafunio si vingi: vitumbua, mkate wa ufuta, kashata za nazi, basi. Kinachochukua ukuta mzima ni kabati la chai. Majani ya kawaida nayanunua Mlandege, kwa muuzaji ambaye baba yake alimuuzia baba yangu, na viungo navifuata mwenyewe Kidichi, maana iliki ya dukani mara nyingi imeshakufa harufu na haijui. Mengine huletewa na wageni. Mtu akipenda chai yangu, akirudi kwao ananikumbuka, na akija tena huja na pakiti ya majani ya kwao kwenye begi, na maelezo marefu ya namna ninavyoyaharibu.

Mwanamke mmoja wa Moroko alininyang'anya birika. Nilikuwa nimepika majani ya kijani kwa nanaa na sukari, nikamimina kwa adabu karibu karibu na bilauri kama tufanyavyo sisi. Akasema hapana, akasimama, akainua birika mpaka usawa wa kichwa chake, na chai ikashuka kama uzi mrefu bila kuruka hata tone, povu likatanda juu. Nilipojaribu mimi niliroweka kitambaa cha meza na mapaja ya mume wake. Sasa naweza. Mzee wa Kijapani alinifundisha kuupiga unga wa kijani kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Hakusema neno, kila nikikosea alilisukuma bakuli kunirudishia, na alilisukuma mara tano. Waturuki wana mabirika mawili, moja limekaa juu ya jingine, la juu chai nzito na la chini maji ya moto, na kila mtu anajipimia ukali autakao. Naupenda ustaarabu huo. Wairani nao hubana kipande cha sukari kwenye meno, chai ikapitia hapo hapo. Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa hapa Unguja na akafa hapa, alikuwa akifanya hivyo kwa kipande cha tende, na tukimuiga alitupiga kofi.

Lakini chai iliyonipa jina ni ya rangi ya waridi. Alinifundisha mama mmoja ambaye wazee wake walitoka milima ya Kashmiri. Majani ya kijani unayachemsha na magadi kidogo mpaka maji yanakuwa mekundu, unayachota kwa upawa na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, mkono ukauma, kisha unatia maziwa na inageuka rangi hiyo nzuri. Mwisho unatia chumvi. Si sukari, chumvi. Wageni hushangaa, na mimi huwasimulia kwa madaha yote kwamba huko milimani, kuanzia Kashmiri mpaka Tibeti na Mongolia, watu tangu hapo wanakunywa chai ya chumvi, wengine na siagi juu, na kwamba sisi ndio tulioidekeza kwa sukari. Wanakunywa, wanapiga picha, wananiambia nina moyo mpana wa kupokea mila za watu.

Anayenisikia nikisimulia hivyo hawezi kudhani kwamba mimi ndiye niliyekwenda Tumbatu nikamwaga chai ya ukweni kwa kuiogopea chumvi.

Mume wangu ni Mtumbatu. Alikuwa akileta samaki pale hotelini nilipokuwa jikoni, na kila siku alibaki kidogo kuliko ilivyohitajika. Jamaa zangu ni watu wa mjini wenye asili ya Uarabuni. Mashamba yalikwenda zamani, pua zikabaki juu. Hawakumkataa, alhamdulillahi, lakini shangazi zangu walinipa mawaidha kabla sijaenda kuwaona wakwe. La kwanza lilikuwa nisivae viatu virefu. La pili lilikuwa chai. Walisema kisiwa kile ni mawe matupu, visima vyake vya chumvi, chai yao inachefua, kwa hiyo nikipewa nijifanye nakunywa. Na kweli siku zile maji ya bomba kule yalikuwa ya kubahatisha. Leo yanatoka, kesho hayatoki, watu wanarudi kisimani.

Tulikwenda wiki ya pili baada ya harusi. Mama mkwe alinipokea mlangoni, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akaniambia karibu kwako. Akanikalisha kwenye mkeka mpya, akaniwekea kikombe cheupe chenye maua ya buluu. Kilikuwa kimoja tu cha aina hiyo. Vingine vilivyokuwa kwenye sinia vyote vilikuwa vya bati. Akamimina chai, akatoka uani kuleta mkate wa kumimina, na mwanawe akatoka pamoja naye.

Nikabaki peke yangu na kikombe. Chai ilikuwa nyekundu, safi, na kipande cha jani la mchaichai kikielea juu yake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kichwa kimejaa maneno ya shangazi zangu. Nilihisi nasikia harufu ya chumvi. Nikawaza kwamba nikiionja nitakunja uso, na nikikunja uso watanikuta hivyo. Nikasimama, nikaimwaga yote dirishani, nikakaa tena na kikombe kitupu mkononi kama mtu mwema.

Jiko lilikuwa banda la nje, upande ule ule wa dirisha. Mama mkwe alirudi na sahani, na katika kurudi ilikuwa lazima apite pale kwenye mchanga uliorowa, na lile jani la mchaichai juu yake. Aliingia, akanitazama, akakitazama kikombe.

"Ushamaliza, mwanangu?" akaniuliza. "Nikuongeze?"

Nikamwambia nimeshiba, ahsante. Akaweka sahani chini na kunikatia mkate. Nilijua amejua, na yeye akajua kwamba nimejua.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikwenda mara ya pili, baada ya miezi miwili, na dumu la maji kutoka mjini. Nilijidanganya kuwa ni zawadi, kwamba nawapunguzia taabu ya kuteka. Kwa kweli nilibeba maji yangu ili chai ya pale iwe ya kunyweka kwangu. Mama mkwe alinishukuru, akaliweka dumu pembeni mwa mlango, na siku mbili zote tulizokaa halikufunguliwa. Tulipokuwa tunaondoka alimwita mwanawe na kumwambia tusisahau dumu letu. Nililibeba likiwa limejaa vile vile, tukapanda nalo mtumbwi, na mume wangu akanitania njia nzima mpaka Mkokotoni, bandari ya upande wa Unguja, kwamba nimewapelekea samaki maji. Yeye hakuelewa. Mama yake hakumwambia, wala mimi.

Tangu hapo likaja neno lake moja. Akija mjini, nikimpelekea chai, alikuwa akitabasamu vizuri kabisa na kuniambia, "Nshakunywa, mwanangu." Asubuhi kabla ya jua kupanda, ameshakunywa. Akishuka garini kutoka shamba, vumbi bado liko kwenye buibui, ameshakunywa. Nilipojifungua kifungua mimba wangu alikuja kunitazama na chupa yake ya chai kwapani. Alinipikia, alinikanda kwa maji ya moto, alimlea mtoto usiku nilale, na wema wake wote huo ulizidi kunichoma, kwa sababu hakuwa mtu wa chuki. Ningejua la kufanya na mtu wa chuki. Nilikuwa nikimpelekea pakiti za majani mazuri kwa mkono wa mume wangu. Nilikuja kusikia alikuwa akiwagawia majirani na kuwaambia zimetoka kwa mkwe wake, mtu wa mjini, anayejua chai.

Mwaka huu jicho lake la kulia liliingia ukungu kabisa. Madaktari wakasema ni mtoto wa jicho, apasuliwe hapa mjini, na baada ya hapo akae karibu na hospitali wiki mbili au tatu. Atakaa wapi kama si kwetu? Nilimuonea huruma kwa jicho, lakini nisiseme uongo, moyoni nilifurahi. Nilijisemea kwamba safari hii hana pa kukimbilia. Nyumba yangu, birika langu, na yeye amefungwa jicho.

Alikunywa maji. Alikunywa uji. Alikunywa maji ya dafu ambayo mjukuu wake alimnunulia Darajani. Kila nikimkaribia na sinia, ameshakunywa. Siku ya nne nikamkuta mume wangu anapanda ngazi taratibu, ananyata kama mwizi, na chupa ya chai ameificha ndani ya koti siku ya jua kali. Alikuwa akienda kumnunulia mama yake chai kwenye mgahawa wa nyuma ya soko, mahali ambapo majani ya jana huchemshwa tena leo na kesho pia yana kazi yake.

Nilimkalisha kitako mume wangu. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia watu wanapanda ndege kuja kunywa chai nyumba hii, na yeye anapitisha maji ya mtaroni juu ya kichwa changu kwenda kumnywesha mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mpole, kisha akasema mama amemwambia asinisumbue, nina kazi nyingi. Akaniuliza kama kuna kitu kati yangu na mama yake. Nikamwambia hakuna. Hata mbele yake, baada ya miaka yote hiyo, niliona haya kulitaja lile dirisha.

Siku iliyofuata nilikuwa na wageni sita, watu wazima wastaarabu, na kama kawaida nikaanza hadithi yangu ya chai ya milimani. Nikafika pale kwenye chumvi. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwamba mtu aliyelelewa na chai ya chumvi, ukimpa isiyo na chumvi, anaiona haina ladha, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Nilisimama hapo na upawa mkononi. Nikawaza: ndiyo hiyo. Mama mkwe hana kinyongo na mimi, amesamehe zamani, ila ulimi wake umezoea maji ya kisima cha kwao na chai yangu kwake ni maji matupu. Miaka kumi na tisa nimejitesa bure, na jibu lilikuwa kwenye kabati langu. Nilijiona mwerevu sana. Nadhani nilitabasamu, kwa sababu mgeni mmoja alinitabasamia pia.

Baada ya sala ya alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, nilipika chai ya rangi, isiyo na maziwa, kwa utaratibu wangu wote. Mdalasini wa Kidichi, iliki nne, karafuu moja, majani yakaingia mwishoni na kutoka kwa wakati. Kisha nikatia chumvi kidogo, nikaonja, nikaongeza. Nikapanda nayo juu. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha, bandeji nyeupe kwenye jicho, anachambua mchele kwa jicho moja na kwa vidole. Alipofungua mdomo kuniambia ameshakunywa, nikamuwahi. Nikamwambia leo si chai yangu, nimempikia chai ya kwao.

Hapo akaweka ungo chini. Akapokea kikombe, akakinusa, akapiga funda moja. Funda la kwanza la chai ya mkono wangu katika maisha yake lilikuwa hilo. Nilisimama mbele yake nikingojea sifa.

"Umetia chumvi," akasema.

"Naam, mama. Kama ya kwenu."

Akakirudisha kikombe kwenye sinia, polepole, mpaka kikatulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama nilidhani walikuwa wakiipenda. Akasema ile chumvi haikuwa kiungo. Ilikuwa ndiyo maji Mungu aliyowapa, na kila aliyeweza kupata maji mengine aliyatafuta. Mama yake alikuwa akikinga maji ya mvua kwenye kila chombo cha nyumba, hata vikombe, ili Ramadhani wafuturu kwa chai tamu. Nilitamani nichukue sinia nishuke, lakini aliendelea.

"Ile chai nliyokupa siku ya mwanzo ilikuwa ya maji matamu. Nliyafata mwenyewe Mkokotoni, siku moja kabla hujaja. Madumu mawili. Nkayapandisha pwani kichwani, moja, nkarudi la pili. Nlisema huyu mtoto wa mjini, tusimpe maji yetu siku ya mwanzo."

Nilikaa chini.

Akasema hakukasirika kwamba niliimwaga. Wageni wana yao, na mimi nilikuwa mtoto. Lakini kuna kitu alitaka kuniuliza tangu siku hiyo na kila mwaka alisema ataniuliza, kisha huona haya. Alinielekezea lile jicho lake zima.

"Ilikuwa na kasoro gani?"

Sikuelewa mara moja. Akauvuta tena ungo mapajani, akanieleza, na bora asingenieleza. Alisema alitumia maji bora aliyoweza kupata, na majani mapya, na viungo vyote, na mimi nikaonja na kumwaga, basi lazima kulikuwa na kitu. Baadaye nilipokuja na maji yangu alipata hakika kwamba hata maji matamu ya Mkokotoni kwangu si kitu. Akaanza kuirekebisha chai yake. Akapunguza iliki. Akaongeza tangawizi. Mchaichai akauacha kabisa, kwa sababu aliliona lile jani kwenye mchanga akadhani ndilo lililonichefua. Aliuliza majirani, alimuuliza mke wa mwalimu ambaye aliwahi kukaa Dar es Salaam. Na chai yangu hakuinywa kwa sababu aliogopa. Kila mtu alisema mimi ndiye ninayeijua chai, na akiinywa atajua tofauti ni kubwa kiasi gani, na atajua nilimwaga nini. Alisema haya yote bila kulalamika, huku vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningesema ilikuwa moto sana, au nilikuwa na kichefuchefu cha chomboni, na mama yule angekubali, tena kwa furaha. Nimewaambia wageni maneno matamu maisha yangu yote, yananijia bila kuyaita. Lakini nilimtazama na nikashindwa.

"Sijui ilikuwa na kasoro gani, mama. Sikuionja."

Vidole vikasimama. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliambiwa ni ya chumvi, nikaimwaga."

Nikamwomba radhi. Nililia, tena si kwa staha, na nikashika miguu yake. Nilimwambia nilikuwa mjinga na mwenye kiburi, na kwamba kiburi hicho sikukiacha Tumbatu, nimekuwa nacho hadi leo hii, ndicho kilichonipandisha ngazi na chumvi mkononi. Hakunizuia. Aliangalia nje dirishani, nami nilidhani nimemuumiza zaidi kuliko mwanzo, na pengine ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa mtu anapunguza iliki kwa ajili ya kosa ambalo halikuwapo.

Kisha akasimama na kujifunga kanga yake vizuri kiunoni. Akaniambia nimpishe, anakwenda jikoni.

Nikamkumbusha kwamba daktari amemkataza kuinamia moto.

"Daktari hajamwagiwa chai," akasema, na akatangulia kwenye ngazi.

Jikoni kwangu hapajawahi kuingia mkaguzi mkali kama yule. Alifungua makopo yote akayanusa. Mdalasini aliukubali. Iliki aliitafuna moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akahesabu sita na kuniuliza kwa nini mimi natia nne, najibana nini. Nilikata mchaichai kwenye ndoo ya uani, akaufunga fundo kama mtu anayefunga mzigo mdogo, akautia kwenye birika pamoja na majani, vyote kwa wakati mmoja, jambo ambalo mimi singelifanya na ambalo nilijizuia kulisemea. Moto niliuwasha mimi, birika nililiinua mimi, yeye alisimama mbali na mvuke kama tulivyoagizwa, akiniamuru kwa mkono. Aliiacha ichemke. Nilitaka kuiepua, akanipiga kwenye kiganja. Mume wangu alipita mlangoni na chupa yake kwapani, akatuona, akageuka na kuondoka nayo.

Akamimina. Akanikalisha kwenye meza moja ya wageni, akaniwekea kikombe mbele, na yeye akakaa upande wa pili, mikono yake mikubwa juu ya meza, jicho lake moja usoni pangu. Hakutoka kwenda kuleta chochote.

Nikanywa. Ilikuwa moto ikaniunguza ulimi, sikujali. Ilikuwa chai nzito, ya mtu asiyembania mgeni, iliki imejaa mdomo mzima na mchaichai ukija nyuma yake kwa mbali.

"Haya," akasema. "Ina kasoro gani?"

Nikamwambia ni nzuri. Akasema hilo hajaliuliza. Akasema wageni kutoka kila nchi wananisikiliza mimi kuhusu chai, naye ana haki ya kusikia.

Nikapiga funda jingine, nikaliweka mdomoni kama nifanyavyo ninapopima majani mapya. "Majani yamekaa motoni kidogo zaidi, mama. Ukiyatia mwisho, mchaichai utasikika."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Na iliki?"

"Iliki iko sawa. Usiipunguze tena."

Akainamisha kichwa, akajifuta shavu kwa ncha ya kanga, chini ya bandeji. Nikamwambia daktari amekataza na kulia pia. Akasema daktari huyo ana makatazo mengi, akavuta birika na kunijazia kikombe mpaka juu.

"Kesho utapika wewe," akaniambia. "Bila chumvi. Na mimi nitakwambia yako ina nini."

Nikamwambia inshallah, nikaendelea kunywa.